Nilivyotumwa Garissa Kumtazamia Halima Kazi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akaiwekea njia, akampa kijana hamu ya kuuliza na mzee subira ya kulingoja jibu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Baada ya hayo, nasimulia safari yetu ya Garissa, katika miaka ile ya tisini ambapo magari ya huku kwetu yalikuwa bado yakienda kwa msafara wenye askari.

Wakati huo nilikuwa nikifundisha dini katika shule moja ya sekondari mjini Wajir. Mwalimu mkuu aliamua wanafunzi wa kidato cha tatu waende Garissa wakaone kazi za watu kwa macho yao, ili watakapomaliza shule wasichague njia kwa kubahatisha. Akanitaka nifuatane nao kwa ajili ya wasichana, kwa kuwa wazazi wengi wasingewaachia bila mtu mzima wanayemwamini. Mmoja wa wasichana hao alikuwa Halima, mtoto wa dada yangu Dahabo.

Baba yake Halima, Warsame, ni mfugaji wa upande wa Tarbaj. Juma lile alikuja Wajir kuuza kondoo, akanivuta pembeni.

"Shemeji, umesikia habari ya mwanao? Anataka kuwa fundi wa kujenga! Apande ngazi katikati ya wanaume, mikono imejaa saruji!"

"Nimesikia."

"Mimi nataka awe nesi, au mwalimu kama wewe. Lakini kazi za mjini sizijui. Nenda ukazitazame zote, kisha uje uniambie ipi inamfaa. Nitakalolisikia kwako ndilo nitakalolishika. Akilikataa, basi, kalamu aiweke chini, arudi kwa mama yake."

Ikawa amana shingoni mwangu. Halima naye alikwishapata habari, kwani asubuhi ya kuondoka alinijia karibu na lori. Huniita abti, yaani mjomba kwa Kisomali.

"Abti, kumbe wewe ndiwe hakimu wangu?"

"Hakimu ni baba yako. Mimi ni jicho tu."

"Basi jicho lisisinzie njiani," akasema, akapanda.

Tuliondoka Wajir baada ya swala ya alfajiri. Wasichana waliketi kwenye mabenchi ya mbele, nyuma ya dereva, na wavulana nyuma walikomeza vumbi lote. Mchanga wa Wajir ni mweupe na gari hulia ndani yake kama ngamia mwenye mzigo. Habaswein tulisimama kunywa chai, na vijana wakanunua nyama kavu iliyohifadhiwa ndani ya samli, wakala hadi vidole vikang'aa.

Modogashe tulikaa sana. Ilitubidi kungoja magari mengine yafike ili askari watuongoze sote kwa pamoja. Mwanafunzi mmoja, Yusuf, mrefu kama mlingoti na mwenye ulimi mwepesi, alijilaza kwenye kivuli cha lori akasema, "Maalim, kungoja nako kungekuwa kazi ya mshahara, sisi watu wa huku tungekuwa wakubwa wa serikali." Mama mmoja wa pale alituletea maziwa ya ngamia yenye harufu tamu ya moshi. Hakuuliza sisi ni wa ukoo gani mpaka kila mtoto alipokunywa. Mungu amzidishie.

Garissa tuliingia jua likiwa limeshaanza kulala, na kabla ya lolote vijana waliomba wauone mto. Wengi wao walikuwa hawajapata kuona maji yanayotembea mwaka mzima. Walisimama ukingoni mwa Tana wakiyafuata maji kwa macho, hata Yusuf. Kisha msichana mmoja akauliza, "Na haya yote yanakwenda wapi?" Halima akamjibu, "Baharini." Yule akasema, "Yote? Na hakuna anayeyazuia?" Tukacheka, lakini lilikuwa swali la mtu wa visima.

Siku iliyofuata tulipelekwa hospitali. Muuguzi mkuu, mama mpole, aliwaonyesha wasichana wodi ya watoto na jinsi ya kumtilia maji mtoto aliyekauka kwa kuhara. Moyo wangu ukasema: kazi ndiyo hii, safari imekwisha. Ni kazi ya rehema, na Warsame angefurahi. Nikageuka kumtazama Halima. Alikuwa ametazama juu, kwenye mbao za paa.

"Unatafuta nini huko?" nikamnong'oneza.

"Abti, wodi hii ina joto kwa sababu hewa haina pa kutokea. Tazama."

Nikatazama, nikaona mbao tu.

Adhuhuri tulikuwa kwa maafisa wa mifugo, ambako wavulana watatu waliapa kuwa madaktari wa ngamia, na alasiri tulitembelea mashamba ya mtoni, tukala matikiti hadi tukachoka. Kila mmoja alikuwa na kazi yake mdomoni jioni ile.

Siku ya ujenzi tulipokewa na Mhandisi Mwakio, Mtaita mfupi mwenye sauti kubwa, aliyekuwa akisimamia jengo jipya la bweni pembeni mwa mji. Baada ya kuwazungusha, aliwagawia vijana makaratasi magumu, vijiti, uzi na gundi. "Kila kundi linijengee bweni dogo la hapa hapa Garissa," alisema. "Kiwanja ni hiki, jua ni hili. Nikirudi nitawauliza maswali."

Kundi la Halima lilikuwa la wasichana watupu. Wao hawakugusa gundi. Walipinda vijiti vikawa matao, wakavifunga kwa uzi, wakavifunika karatasi. Nililitambua umbo lile mara moja: lilikuwa aqal, nyumba ya watu wetu wanaohama, ya matao ya miti na mikeka, inayobebwa na ngamia. Lakini waliirefusha ikawa bweni, na ukuta wa upande mmoja wakautoboa madirisha makubwa.

Mhandisi aliisukuma kwa kidole. Ikayumba, ikarudi. "Paa zuri sana hili," akasema. Halafu akaizunguka. "Lakini binti, madirisha yako yote yanatazama machweo. Jua la alasiri litaingia humu na wanafunzi wataiva kama sambusa. Utafanyaje?"

Halima akajibu bila kufikiri, "Tutaigeuza."

"Utaigeuza nini?"

"Nyumba."

Mhandisi alimkodolea macho. Mafundi juu ya kuta wakaacha kazi. Kwetu nyumba ikipigwa na jua au upepo, wanawake huifungua na kuigeuzia mlango upande mwingine, na mvua ikihama, nayo huhama. Halima alikuwa amezaliwa ndani ya nyumba hiyo. Haikumjia kabisa kwamba nyumba ya mawe, ukishaikosea, umeikosea mpaka ianguke.

"Mleteeni ngamia abebe bweni!" Yusuf akapaza sauti, na kiwanja kizima kikapasuka kwa kicheko. "Likizo tutalihamishia Bura!"

Niliogopa. Namjua mtoto wa dada yangu, ana hasira za baba yake. Alivuta ushungi ukaziba mdomo, akainama. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anacheka. Alipoinua uso alimwambia Yusuf, "Ngamia hatutaki. Wewe mrefu, utatutosha." Kisha akamgeukia mhandisi.

"Bwana, umenisahihisha vizuri, ahsante. Sasa nifundishe. Kitu kisichohama huwekwaje?"

Mwakio aliacha kucheka. Aliniomba ruhusa, nami nikafuatana nao, maana mjomba ni maharimu wa mpwa wake, haramu kumwoa, basi anafaa kumsindikiza. Akamzungusha jengo lile ambalo halijakwisha, akamwonyesha kivuli kinavyoanguka na sababu ya kuta fupi kuelekea mawio na machweo. Halima aliuliza, akauliza tena. Aliporudi alikata uzi wa kazi yake yote mbele ya wenzake waliomcheka, akaanza upya. Bweni la pili halikuwa zuri kama la kwanza. Paa lilikaa upande. Lakini madirisha yalikuwa mahali pake, na hakuinuka mpaka mwito wa swala.

Mimi kwa elimu yangu ndogo nimefundisha wanafunzi wengi. Wenye akili huwa hawakosekani. Anayekosolewa hadharani, akashukuru, akabomoa kwa mkono wake, huyo ni adimu, na nilimwomba Mungu amhifadhi.

Tulirudi salama, alhamdulillahi. Wajir niliwaacha wanafunzi shuleni, mimi nikapanda lori la mifugo hadi Tarbaj kupeleka amana. Warsame alinikaribisha ndani ya aqal. Dahabo akanipa maziwa, akaketi nyuma ya pazia la mkeka. Nilipokwisha kunywa, Warsame akaanza.

"Haya, shemeji. Nesi au mwalimu?"

"Nesi ni kazi njema sana. Lakini mwanao hospitalini alitibu paa."

Nikamweleza yote: madirisha, kicheko, na jinsi alivyoanza upya. "Umeniuliza ipi inamfaa. Nashuhudia mbele ya Mungu, ni kujenga."

Uso wake ukakunjamana. "Nilikuamini, nawe umerudi na saruji ile ile! Tangu lini mwanamke akajenga nyumba?"

"Warsame, hii uliyoketi ndani yake aliijenga nani?"

Nyuma ya mkeka Dahabo akakohoa. "Hajafunga hata kamba moja ya nyumba hii," alisema.

"Mimi niliibeba!" Warsame akang'aka.

"Aliyeibeba ni ngamia."

Nilijitahidi nisicheke, nikashindwa. Warsame naye akang'ang'ania hasira yake kidogo, kisha akainua macho kwenye matao ya miti juu ya kichwa chake, akayafuata moja moja hadi mlangoni, kama mtu anayeyaona leo.

Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini, "Na huko chuo cha wajenzi, atalala kwa nani?"

Hapo nilijua amekubali, kwa sababu mzee wa kwetu haulizi malazi ya mtu asiyesafiri. Nikamkumbusha dada yake mwenyewe, shangazi wa Halima, anayekaa mji huo wa chuo. Dahabo nyuma ya mkeka akasema alhamdulillahi, mara tatu.

Nilijifunza kwamba aliyetumwa kutazama asiwe amebeba jibu mfukoni. Lau ningerudi siku ile ya hospitali, ningerudi na kazi njema, ila isiyokuwa ya Halima.

Nawe uliyenifuata hadi hapa, Mwenyezi Mungu akujaalie makao yenye baraka, awaongoze wanao kwenye kazi aliyowaandikia, na akupe macho ya kuitambua wanapokuonyesha. Amin.