Siku Mama Mkwe Aliponisukumia Gari

Nitawasimulia, ila mkicheka sana naacha, maana mpaka leo nikikutana na mama mkwe wangu macho yangu yanakimbilia miguuni. Kisa chote ni inveta.

Nilikuwa na Hiace kuukuu, nikaing'oa viti nikaweka kitanda, mapazia na kijimeza, nikiota kwamba nikimuoa Rehema tutazunguka nayo nchi nzima, tunalala tunapopenda, tunaamka tunakunywa chai mlangoni. Kilichokosekana ni inveta, ya kugeuza umeme wa betri uwashe vyombo vya nyumbani. Dukani zilikuwepo ndogo za kutosha taa na simu, lakini mimi nikaona haya, mtu mzima na inveta ndogo, nikabeba kubwa kuliko zote, yenye taa za bluu. Nilijua fika kwamba inataka betri yake peke yake. Nikasema betri itakuja baadaye, nikaiunga kwenye ileile ya kuwashia gari.

Siku ya kusikiliza jibu la posa tukatoka Kihonda, mimi na mshenga wangu Mzee Mkude, tukaipita Mzumbe, tukaanza kupanda milima mpaka tukamezwa na ukungu. Kwao Rehema ni Waluguru, neno la mwisho ni la mjomba, na mposaji hatakiwi kuyasikia mazungumzo, mshenga ndiye mdomo wake. Tulipofika Mzee Mkude akaniambia, "Wewe baki humu garini. Usitoke, na ikiwezekana usikohoe."

Nikabaki naomba Mungu, kwa sababu mjomba akikataa hakuna wa kumkatia rufaa. Nje migomba ilikuwa inaonekana na kupotea, maji yanateremka mahali siyaoni, baridi tamu imeingia mpaka kitandani. Nikavua shati (lilikuwa jipya, sikutaka likunjamane), nikajilaza, nikamuona Rehema kabisa amekaa pale mlangoni anatazama mawingu yakipita chini yetu, sijui ni usingizi au ni nini, na nikasema moyoni ndoto hii inakosa chai tu. Nikachomeka jagi la umeme.

Jagi likaanza kuunguruma polepole, vizuri, nikafumba macho. Halafu inveta ikapiga kelele! Siyo mlio wa adabu, ni ukelele wa kuita kijiji, piiiii, nikachomoa jagi bado inalia, nikabonyeza kila kinachobonyezeka, mbwa wanabweka, kuku wanaruka, na mlango ukafunguliwa kwa nje. Mjomba, mama yake Rehema na Mzee Mkude wamesimama wananitazama, na mimi kifua wazi nimekumbatia jagi.

"Shikamooni," nikasema (ungesema nini?).

"Marahaba," akajibu mjomba. "Kuna mgonjwa humo?"

Mzee Mkude akaona bora tuondoke, jibu tutaletewa. Nikageuza ufunguo, gari likasema tik, likanyamaza. Betri ilikuwa imekwisha yote, na mposaji haruhusiwi kulala ukweni. Ikabidi lisukumwe mpaka kwenye mteremko. Nikashuka nisukume, mjomba akauliza nani mwingine anajua kuendesha, hakuna, basi nikarudi kwenye usukani. Hapo nikaona kwenye kioo mama yake Rehema anajifunga kanga kiunoni anakuja nyuma ya gari, yule mama ambaye kwa adabu hata kumpa mkono sithubutu! Nikapiga kelele, "Mama, tafadhali, acha!" Akaniambia, "Kaza usukani, baba." Gari likawaka, tairi zikazunguka, na nilipogeuka kuaga, alikuwa ametapakaa matope mpaka kwenye kilemba. Nililia, sitaki kuwaficha, nililia machozi mbele ya wakwe.

Tukiteremka mlima nikajua mke nimemkosa.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata. Mjomba alikuwa amekwisha kataa, eti kijana anawasukumisha kabla hajapewa mke, akipewa itakuwaje. Mama yake Rehema ndiye aliyembadilisha mawazo. Alisema, "Wanaume wasio na haya tunao wengi. Huyu mpeni."

Betri ya pili nimefunga, na Rehema tunazunguka naye kweli. Lakini ukweni naacha gari barabarani, napanda kwa miguu, na chai nakunywa nitakayopewa.