Mawe ya Redio ya Marehemu

Sogeeni, wajukuu zangu, na aliye na redio aipunguze sauti. Haya niliyaona mwenyewe dukani Garsen, nikingoja kupimiwa sukari.

Aliingia mama mmoja kutoka Chara, kakumbatia kikapu kilichofunikwa kanga. Akakitua polepole.

"Mama, umeniletea mahari?" mwenye duka akamtania.

Akafunua. Mawe ya redio matupu, betri zilizokwisha, nyingine zimeshatoa maji. Marehemu mumewe alikuwa akiyaanika juani yapate nguvu tena, wala hakutupa hata moja.

"Shamba letu mto huliingia, mwanangu," akasema. "Nikiyazika, mafuriko yatayafukua, na maji hayo ndiyo tunayokunywa. Nasikia sasa kuna sheria ya taka kama hizi. Basi nimekuja kwa miguu yangu, nisije nikashikwa."

Mwenye duka akavuta sanduku chini ya meza. "Sheria haikutafuti wewe, mama. Imetushika sisi tuliokuuzia. Aliyeyaleta sokoni ndiye wa kuyachukua yakiisha."

"Wewe?"

"Mimi, na aliyeniletea mimi, mpaka huko kiwandani."

Mama akajiziba mdomo kwa kiganja. Nami sukari nikaisahau. Tangu nipate akili, sheria niijuayo humwandama mnyonge. Hii imempita mlangoni pake, ikaenda kumbishia hodi tajiri. Subhanallah!

Mama akayamimina sandukuni kwa mikono miwili, akaondoka na kikapu kitupu kichwani.

Basi redio ya marehemu anayo mwanawe, mawe yamerithiwa na sanduku, na mto, alhamdulillahi, haukurithi kitu.