Simba ya bro wangu ilikuwa ijengwe juu ya mgodi wa dhahabu ulioachwa

Jumamosi iliyopita, saa nane mchana. Hapo ndipo hii kitu ilianza.

Wakuu, habari zenu. Mimi huwa wa kusoma tu hapa, sijawahi kuandika. Niko Form Three, na mbele ya watu sauti yangu hupotea, kwa hivyo mnivumilie. Chumvi sijaongeza.

Baba ni caretaker wa apartments huku Kilimani, tunaishi ground floor nyuma ya jenereta. Kukhu, yaani nyanya yangu, amekuja kutoka Kakamega juu ya kliniki yake Upper Hill. Siku hiyo baba mdogo Shikuku alikuja tupange mambo ya simba ya bro wangu, Brian.

Kwa wasiojua: kwetu kijana akishakuwa mtu mzima halali tena kwa nyumba ya wazazi. Anajenga yake ndogo bomani, hiyo ndiyo simba. Brian kila Desemba hulala kwa binamu yetu kama mgeni, na wanamcheka.

Baba mdogo akatoa simu, akatuonyesha picha ya mahali amepigilia vigingi. Brian angesafiri Jumapili jioni, fundi aanze msingi Jumatatu.

"Pako sawa sana," akasema. "Pako flat, hakuna mti, na udongo ni laini. Jembe linaingia kama mwiko kwa uji."

Kukhu akaguna. "Hapo hata mbuzi hatufungi. Mama mkwe alinikataza tangu nilipoolewa."

"Mama, hayo ni mambo ya mizimu. Sisi tumeokoka. Pasta ameshapaombea."

Mimi nilikuwa namimina chai. Kwa picha nikaona mawe meupe. Yametoka kule kwa kijito, yamepanda mstari mmoja, yakapita katikati ya vigingi.

Nikaweka birika chini, nikaiangalia tena ile picha.

Nirudi nyuma kidogo ndio mnielewe. Kwa shamba letu la Kakamega kuna mgodi mdogo wa dhahabu. Mdomo wake uko pale kwa kijito, sisi wote tunaujua.

Mwalimu wa geography alitufunza kwamba mawe ya huko ni ya volkano za kale sana. Maji moto yalipanda kwa nyufa za mwamba, yakipoa yakaacha quartz, lile jiwe jeupe, na ndani yake dhahabu kidogo.

Enzi za ukoloni wazungu waliposikia kuna dhahabu walikuja, wakachimba bila kuuliza mwenye shamba. Baba yake babu alikuwa akiwasukumia toroli za mawe. Jiwe jeupe lilipokonda na maji yakajaa chini, wakaondoka.

Hiyo tu ndiyo historia tulijua nyumbani. Lakini walichimba kuelekea wapi, hakuna aliyewahi kuuliza.

"Baba mdogo," nikasema. Hakusikia. Nikarudia.

"Chai imeisha?"

"Hapana. Hapo... hapo chini kuna shimo."

"Eh! Engineer wa chai ameamka!"

Wote wakacheka. Hata Brian, na ni yeye angelala hapo.

Sauti ikakwama kabisa. So nikachota sukari, nikaimwaga kwa trei, mstari mmoja. Kikombe mwanzoni, huo ni mdomo wa mgodi. Njiti nne za kiberiti, hivyo ni vigingi. Sukari ikapita katikati yao.

"Sukari ya watu hiyo!"

"Nyamaza, Shikuku," Kukhu akasema. "Endelea, mama." Huniita hivyo kwa sababu nimerithi jina lake.

Nikaongea nikiangalia trei. Wachimbaji hufuata jiwe jeupe. Wakifika mbali wanatoboa juu hewa iingie. Wakihama, wengine hufunika tu na magogo na udongo. Udongo ni laini kwa sababu ulimwagwa hapo. Magogo huoza. Pengine mama mkwe hakuogopa mizimu, aliogopa mbuzi wazame.

Kukhu akatikisa kichwa polepole. "Hakunieleza sababu. Na mtu ameolewa juzi ataulizaje?"

"Una uhakika?" Baba akaniuliza.

"Sina, Dad. Lakini tunaweza kupima."

Akampigia simu binamu yetu kule kijijini. Ajifunge kamba, wenzake waishike kutoka mbali, halafu adunge hapo na mtaimbo.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, binamu akapiga, Baba akaweka loudspeaker. Mtaimbo uliingia wote ukamponyoka. Kisha wakasikia maji chini.

Baba mdogo akaweka kikombe chini.

"Brian, tutapima upande wa ndizi." Halafu akanigeukia. "Na wewe usikae mbali na simu."

Nilichojifunza: mwiko wa wazee usiutupe kabla hujauliza ulianzia wapi. Na mdomo ukikataa, tumia hata sukari.

Walio na mashamba upande ule, mashimo ya zamani mnayajuaje? Kuna ofisi iko na ramani? Nijibuni, lakini kwa upole.

Ah, karibu nisahau. Asubuhi hiyo hiyo kanisani waliuliza nani ana ushuhuda. Baba mdogo akaangalia viatu vyake.

Mimi nikasimama.