Mgeni Nilikuwa Peke Yangu

Leo nimekataa kanisa zuri kwa kisingizio cha uongo.

Tumerudi kijijini Dirma, na mimi na mke wangu tunatafuta kanisa la kusali. Kila tunaloingia naandika kwenye daftari. Ni mazoea ya uandishi wa habari.

Leo mzee wa kanisa akaomba wageni wasimame. Nikasimama upande wa wanaume. Mke wangu akanyanyuka upande wa kina mama.

"Keti, Martina," mzee akasema. "Wewe si mgeni hapa."

Waumini wakacheka. Nikabaki nimesimama peke yangu.

Mzee huyo zamani alikuwa dereva wa kombaini, mashine ya kuvuna, enzi za mashamba ya ngano ya serikali. Alimposa Martina kabla yangu.

Njiani nikasema kanisa halifai, mahubiri ni marefu mno.

"Lete daftari, Baba Safari," Martina akasema. Akasoma kwa sauti: "Mahubiri, dakika kumi na nane. Mzee wa kanisa: koti la kijivu, meno yote yapo, ametazama upande wa kina mama mara saba."

Akacheka sana. Kisha: "Na mimi nilimtazama mara ngapi?"

Sikuandika. Muda wote nilikuwa namwangalia yule mzee.

Jumapili ijayo tunarudi pale pale, Martina ameshaamua. Mliooa, nishaurini: nikae benchi la ngapi?