Nilivyomtafsiria mama mkwe movie ya komando, nikiwa sijui komando ana mambo mengine

Wakuu, salamu kutoka Kisumu, kwa mnaokula na kwa mnaosubiri kuitwa mezani.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na rafiki wa rafiki. Ukiona mahali panaonekana nimeongeza chumvi, jua hapo ndipo nimepunguza.

Kwanza mjue kazi yangu. Mimi ni DJ wa movie.

Si wa disco. Nashika mic kwenye kibanda cha video hapa Nyalenda, movie inacheza kwa Kiingereza au Kichina, na mimi naieleza kwa Kiswahili, nikitia Dholuo, lugha yetu Wajaluo, kidogo pale panapohitaji utamu. Kwangu komando anaitwa Omondi, hata kama ni mzungu mwenye nywele za dhahabu. Watu wanacheka, mwenye kibanda anafurahi, mimi napata riziki.

Ugumu wa kazi hii si lugha. Ugumu ni mambo ya chumbani.

Wakuu, siku hizi tafuta movie ya kupigana ambayo watu wanapigana tu. Hupati. Jamaa anawindwa na magaidi, ana risasi begani, mji mzima unakaribia kulipuliwa, na bado anapata nafasi ya kuwasha mshumaa. Hiyo nguvu wanaitoa wapi? Mimi nikikimbizwa na askari wa kaunti tu, hata chakula hakipiti.

Sasa kibandani kwetu Jumapili wanakuja akina mama na watoto wao wakitoka kanisani. Kwa hiyo mwenye kibanda aliweka sheria: remote inakaa mkononi mwangu, na mtu kwenye screen akigusa kifungo cha kwanza cha shati, naruka mbele. Vijana wa nyuma wananitukana, wanadai haki zao kama wateja, lakini kesho wanarudi.

Nimekuwa mwepesi kiasi kwamba kuna wateja wanaamini Omondi ni kasisi.

Shikeni hilo, twende Pap Onditi, kule Nyakach, ukweni.

Nina mchumba, tumwite Akinyi, anasuka nywele pale Kaloleni. Tumependana vizuri, mpaka ikafika ile hatua ya mimi kwenda kwao nionekane. Nikionekana vizuri, wazee wanatoa tarehe ya mimi kurudi na watu wangu kuposa. Nisipoonekana vizuri, hakuna tarehe, na Akinyi alishaniambia waziwazi kwamba hatakaa na mwanaume ambaye kwao hawamtaki. Kwa hiyo siku ile ndiyo ilikuwa kila kitu. Usiku wa kuamkia nilipiga suruali pasi mpaka ikaanza kung'aa magotini.

Kwa msiotoka huku, niwaeleze kitu kimoja. Kwetu Wajaluo mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humkaribii, humpiti karibu, humkazii macho. Mjini watu wamelegeza, wanasalimiana kwa mkono na kupiga selfie. Kwa akina Akinyi hawajalegeza hata kidogo. Aliniagiza mara nyingi, "Ukiona mama anapita huku, wewe angalia kule."

Tulifika mchana. Nikakalishwa kwenye kochi lenye vitambaa, mzee mwenye nyumba akiwa mbele yangu, baba mdogo wake Akinyi pembeni, na mashangazi wawili wamembana Akinyi katikati kana kwamba nitamwiba siku hiyohiyo. Mama mkwe alikuwa jikoni, nyumba ya nje.

Mzee akaanza. "Akinyi anasema wewe uko kwa media. Wewe ndio unasoma habari?"

"Hapana Baba. Mimi natafsiri movie."

Akafikiria. "Na hao watu wa movie, wao hawawezi kujisemea?"

Wakuu, nilijieleza mpaka koo likakauka, na kadiri nilivyojieleza ndivyo kazi yangu ilivyozidi kuonekana ya mtu ambaye hana kazi. Nikamwona Akinyi anaangalia vidole vyake. Niliumia, sitaki kudanganya.

Hapo baba mdogo akaingilia. Yule ni mtu mchangamfu, wa kupenda mambo. "Wacha kijana aonyeshe sisi hiyo kazi. TV si iko hapa?"

Nikaona mlango umefunguka. Flash yangu natembea nayo kwenye funguo. Nikachagua movie moja ya komando ambayo nimeitafsiri mara nyingi sana, naijua kama njia ya kwenda chooni kwetu. Bunduki, helikopta, daraja linaanguka, mwisho. Safi kabisa, hata askofu anaangalia.

Nikachomeka, nikarudi kwenye kochi, nikaanza.

Na nilikuwa moto. Omondi karuka ukuta, Omondi kampiga mtu na sufuria. Baba mdogo anapiga paja. Hata mzee akasogeza kiti mbele. Akinyi akainua uso, akatabasamu.

Kisha mvua ya Nyakach ikashuka.

Mabati yalipiga kelele hivi kwamba baba mdogo aliinuka akapandisha sauti ya TV mpaka mwisho, na mimi nikawa natafsiri kwa kupayuka. Jikoni nako maji yakaanza kuingia, kwa hiyo mama mkwe akakimbilia nyumba kubwa, amejifunika leso kichwani.

Nyumba nzima ilikuwa na nafasi moja tu iliyo mbali nami. Kando ya TV, kwenye kona. Akavuta kigoda, akakaa hapo, akageuza uso ukutani kwa heshima yangu mimi mgeni, mgongo kwetu. Haoni screen hata kidogo. Anasikia tu.

Nikaona ni sawa, nikaendelea kwa heshima zaidi.

Ndipo Omondi, amejeruhiwa, akaingia kwenye nyumba ya dada mmoja. Dada akafunga mlango. Dada akawasha mshumaa.

Wakuu! Sijawahi kuona huo mshumaa. Movie ni yangu, nimeifanya mara zote hizo, na mshumaa siujui. Ndipo nikaelewa. Kule kibandani kidole changu kilikuwa kinaruka hapo chenyewe, siku zote, mpaka kichwa kikasahau kwamba kuna kitu kinarukwa. Kwangu movie ilikuwa safi kwa sababu msafishaji ni mimi.

Nikatafuta remote. "Ilipotea," shangazi mmoja akasema.

Kifungo cha kuzima kiko ubavuni mwa TV, upande wa kona, palepale nilipochomeka flash. Ili nikifikie lazima nipitishe mkono juu ya bega la mama mkwe. Heri ningeingia ziwani na suti.

Nikamwangalia baba mdogo kwa macho ya kuomba msaada. Ndiyo kwanza alikuwa anavaa miwani. Nikamwangalia mzee. Mzee hakuonekana kuwa na haraka yoyote.

Dada akafungua kifungo cha kwanza cha Omondi.

Ningenyamaza, mama angejiuliza kwa nini mtafsiri amekufa ghafla. Ikabidi niseme kitu.

"Huyu dada ni sista wa hospitali," nikapayuka. "Anatafuta jeraha."

Shati likatoka. "Jeraha liko ndani. Anaangalia vizuri."

Dada naye akaanza kuvua. "Huyu sista amenyeshewa. Nguo ikiwa na maji utashikwa na nimonia."

Mashangazi walikuwa wameziba midomo kwa leso. Akinyi alikuwa amejifunika uso mzima, mabega yanatikisika, sijui analia au anacheka.

Wakasogeleana midomo. "Anampa hewa," nikasema. "First aid."

Kutoka kwenye kona, bila kugeuka, mama mkwe akazungumza kwa mara ya kwanza siku ile. "Akinyi, uliza mgeni. Huyo kijana ametoka damu mingi?"

Akinyi akazidi kujifunika uso. Nikajibu mwenyewe nikiangalia dari. "Mingi, Mama. Lakini sista anajaribu."

"Uliza yeye, huyo sista amenawa mikono?"

"Amenawa, Mama."

Wakuu, hiyo scene ilikuwa ndefu, na saxophone inalia nyuma yake. Sijui nani aliandika. Mimi nilishamaliza hospitali nzima, nimefunga bandeji, nimepima presha, nimeweka dripu, na bado wale watu hawajachoka. Kisha Omondi akaanza kutoa sauti.

"Sasa mgonjwa analia nini?" mama akauliza.

"Dawa inachoma."

Baba mdogo akatoa sauti ya mtu aliyepaliwa na chai, na chai hakuwa nayo. Niliona tarehe yangu inayeyuka. Nilijua mzee akifungua mdomo sasa hivi, itakuwa ni kuniambia nichukue flash yangu niende na mvua yangu.

Mama mkwe akasema, "Huyu mtoto wa watu anateseka. Tuombe."

Akasimama, uso bado ukutani, akainua mikono. "Kila mtu afunge macho. Na wewe Baba Akinyi, funga."

Nani atakataa maombi? Mzee akavua kofia. Sote tukainamisha vichwa. Akaombea wagonjwa wote, akaombea masista, akaombea walio safarini kwenye mvua, akarudi kwa wagonjwa. Nilichungulia kidogo, nikamkuta baba mdogo amefungua jicho moja. Mama akasema bila kugeuka kwamba Mungu anamwona mtu anayeomba nusu. Likafungwa.

Bunduki ya kwanza ilipolia kwenye TV, mama akasema amina.

Tukafungua macho. Omondi alikuwa ameshavaa, yuko juu ya daraja anapigana kama hajawahi kuugua. "Dawa imeshika," nikasema.

Movie ikaisha. Mvua ilipopungua mzee alinisindikiza hadi barabarani na mwavuli wake. Nikamuuliza kwa unyenyekevu kuhusu tarehe. Akasema, "Hiyo mimi sisemi. Mama ndio atasema." Akageuka akaenda.

Nilirudi Kisumu nimekwisha, Akinyi akabaki kwao. Wiki ile nilitafsiri kama mtu anayesoma tangazo la kifo. Wateja wakauliza kama Omondi amefiwa. Nilikuwa naogopa kumpoteza yule msichana, na kumpoteza kwa sababu ya kipumbavu vile.

Akinyi alipotoka kwao akaja moja kwa moja kibandani, akakaa kwenye benchi, akasema ana ujumbe kutoka kwa mama yake, na ameambiwa aufikishe kama ulivyo.

Nanukuu, wakuu.

"Ambia huyo kijana mimi niligeuka ukuta, sikuziba maskio. Tangu nizaliwe sijaona hospitali yenye mgonjwa anatibiwa na saxophone. Lakini nilisikia vile alikuwa anahangaika ili mimi nisiaibike, nikaona wacha nisaidie yeye. Sasa alete watu wake kabla ya mavuno."

Nilikaa chini palepale kwenye sakafu. Nilicheka, kisha machozi yakanitoka mbele ya vijana wa nyuma, na kwa mara ya kwanza hawakunitukana.

Kumbe wakati mimi najitoa jasho kumfichia mama, mama alikuwa kwenye kona ananifichia mimi.

Nilichojifunza: kabla hujaenda ukweni, angalia flash yako yote, mwanzo hadi mwisho, peke yako, bila kugusa remote. Watu wa movie hawajui kwamba wewe una mama mkwe. Na ukibahatika kupata mama mkwe wa namna hii, mheshimu kwa mbali kama ilivyoagizwa.

Haya, uwanja ni wenu. Nani ameshawahi kunaswa sebuleni na wazee, mshumaa ukawashwa? Ulijiokoaje? Na wale wa kuniuliza jina la movie, sisemi. Kuna baba mdogo mmoja Pap Onditi ameshanipigia simu kuniuliza hilohilo.