Bi Nakala na Karatasi ya Majukumu

Katika mwaka wake wa thelathini na moja kwenye ofisi ile ya mawakili, Bi Nakala aliombwa aandike kazi zake zote katika karatasi moja. Ombi lilikuwa la adabu mno. Adabu hiyo ndiyo iliyomtia wasiwasi.

Alikuwa mpiga chapa wa kitengo cha sheria za kazi, na jina la utani la Nakala alilipata kwa sababu hakuna barua iliyotoka bila nakala yake kubaki kabatini mwake. Alipoajiriwa, kitengo kilikuwa benchi moja la mbao na wakili mwanzilishi, ambaye sasa ni marehemu, aliyewasikiliza wapagazi na wahudumu wa hoteli waliofukuzwa kwa mdomo. Baadaye viwanda vilivyozoea kushtakiwa vikaja vyenyewe kubisha hodi; benchi likaondolewa, vikaletwa viti vya ngozi. Mwishowe hata kesi zikapungua, kwa kuwa waajiri walijifunza kuuliza kabla ya kufukuza. Ndipo zilipotungwa barua za hatua kwa hatua: kwanza mtu aandike majukumu yake, kisha aitwe kwenye mashauriano, kisha aambiwe nafasi yake imefutwa. Bi Nakala alizichapa kwa mamia.

"Wananipima sanda," alimwambia mumewe, fundi cherehani.

"Fundi ni mimi. Ungepimwa nisijue?"

"Cheka tu. Nani atamwajiri mpiga chapa wa miaka hamsini na minane?"

"Mke wangu, wewe hata nikikuletea chai unauliza nani kaionja."

"Ukileta bila kuombwa, nauliza umefanya nini."

Aliandika majukumu yake, akaanza kuwatazama wakubwa wake. Wakili mkuu, aliyeingia ofisini humo akiwa mwanagenzi mikononi mwake, sasa alimwamkia mara mbili kila asubuhi. Mazungumzo yalikatika alipopita ukumbini. Wiki ya tatu, alikuta mezani bahasha iliyofungwa, yenye jina lake.

Aliisoma kalamu mkononi, kama alivyosoma barua zote za kitengo. Aliitwa kwenye mashauriano siku ya Alhamisi. Chini yake, sentensi moja: ajira yake itakoma tarehe thelathini. Alitulia. Kosa hilo alilijua vizuri: mahakamani humwangusha mwajiri. Mawakili walilirudia kila mara, wakitangaza uamuzi ndani ya barua inayodai kwamba bado wanashauriana. Naye miaka yote alilifuta kimyakimya kabla barua haijatiwa saini. Hii yake haikupitia kwake.

Alhamisi aliingia kwa wakili mkuu na nakala.

"Shikamoo mama. Karibu, keti. Tumekuita tushauriane."

"Marahaba. Tushauriane nini, mwanangu, nanyi mmeshanipangia siku ya kuondoka?"

Wakili mkuu aliisoma sentensi ile, akairudia. "Hii ni barua yetu ya kawaida, mama."

"Ya kawaida huwa naifuta mimi hapo."

"Unafuta? Tangu lini?"

"Tangu hujui kufunga tai."

Wakili mkuu alinyoosha mkono. "Nipe, nikairekebishe."

"Chukua. Nyingine ninazo."

"Ziko wapi?"

"Ungekuwa mimi, ungejibu?"

Kisha wakili mkuu akainamia meza, sauti ikashuka.

"Mama, mwaka jana ulikwenda likizo wiki sita. Barua za wateja zilizotoka wakati huo, nani alizipitia?"

"Hakuna. Wala hakuna aliyeniuliza."

Wakili mkuu aliinuka, akaufunga mlango kwa ufunguo kabla ya kuketi tena. Hapo Bi Nakala alijua kwamba kazi yake imesalimika. Hata hivyo hakuondoka kitini. Alitaka kwa maandishi, na saini, kwamba nafasi yake haijafutwa.

Barua ya kutengua uamuzi aliipata kabla ya saa nane mchana. Aliisoma mara tatu akiwa amesimama, akitafuta kosa. Hakuliona, na jambo hilo halikumpendeza hata kidogo: nani kaipitia kabla yake?