Mama Shoti na Haidra Aliyewaka

Jina la Mama Shoti alipewa na wahasibu wa ghorofa ya chini, watu wenye midomo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwapiga wadudu shoti ya umeme. Wadudu wenyewe ni haidra wa maji baridi, wembamba kama kipande cha uzi, wana mikono kuzunguka mdomo. Unawatia kwenye maji yenye vinasaba vya kung'aa, unabonyeza kitufe, ngozi inatoboka kufumba na kufumbua, vinasaba vinapenya. Hayo ni maelezo. Kwa vitendo, miaka nenda miaka rudi, haidra wake walikufa, na waliopona hawakung'aa ng'o.

Sasa Mkurugenzi wa taasisi alikuwa amekikodolea macho chumba chake cha maabara, apate pa kuweka viti vya mikutano.

"Kesho naleta wageni," akamwambia. "Wakiona kitu, unabaki. Wasipoona, funguo mezani."

"Si uwaachie tu, mama?" mumewe akamtania nyumbani. "Viti navyo vina haki ya kulala."

Mama Shoti hakucheka. Chumba kile alikipenda kuliko sebule yake.

Alikuwa ameshawapiga shoti, na haidra aliyepigwa halishwi mpaka akaguliwe. Lakini asubuhi aliwakuta wamejikunyata, masikini, huruma ikamshika, akawamwagia vitoto vya kamba wa majini. Wakafakamia hao! Baadaye akawasha taa ya bluu ya kuonyeshea mng'ao, akachungulia kwenye hadubini. Tumbo la mmoja lilikuwa linawaka kijani.

"Jamani! Jamani mimi!" Akalia kwa furaha, peke yake, mkono kifuani.

Wageni wakaja na suti zao, wakajipanga mbele ya skrini ya hadubini. Haidra akawaka, wakaguna kwa mshangao. Halafu akafumbua mdomo, maana njia ya kutolea hana nyingine, akatema donge la kijani. Mwili ukabaki giza tupu.

Mama Shoti akaelewa. Kumbe kilichowaka ni chakula, kamba wale hung'aa wenyewe kwenye taa ile! Angeweza kunyamaza, akashindwa.

"Samahanini, wakubwa. Hayo ni mabaki ya kamba. Vinasaba havikuingia. Hicho ni kinyesi."

Mkurugenzi akageuka, uso umemng'aa.

"Mmesikia? Hata kinyesi chake kinawaka!"

Wageni wakapiga makofi mpaka chupa zikatetemeka. Viti vikatafutiwa kwingine.

"Sasa mbona umenuna na chumba umepewa?" mumewe akamuuliza jioni.

"Niliwaambia ukweli, baba," akasema. "Wakanipigia makofi."